Mwaka wa Megahezi Moja

Tulipomaliza kumzika Mwalimu Deo, kule Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Prosper alikuja na sahani yake ya maharage akaketi karibu nami kwenye benchi la kanisa lililotolewa nje, akaniambia maneno ambayo nilipaswa kuyasikia nikiwa na miaka kumi na tisa. Nitayafikia maneno hayo, msinikimbize. Mimi ni mtu wa kuhesabu, na mtu wa kuhesabu haruki hatua. Leo nina karakana yangu Mbarara, kwenye barabara inayopanda kutoka sokoni, yenye meza sita na bango lenye jina langu, na watu huniletea mashine zilizowashinda wengine. Najivuna? Ndiyo, najivuna, tena sana. Wanafunzi wangu wakiniona nimeinamia kompyuta iliyofunguliwa tumbo, kidole kikigonga meza, hucheka chini chini na kusema, “Madamu Faida anahesabu mapigo.” Wanadhani ni mazoea ya uzee. Hawajui kwamba kuna mwaka mzima wa ujana wangu ambao sikufanya kingine, pale Base Camp, Nakivale, ndani ya chumba cha matofali ya udongo chenye dirisha la gunia, mbele ya kompyuta ambayo hata wakati ule ilikuwa imezeeka.

Kompyuta zenyewe zilikuja ndani ya makatoni, pamoja na makoti ya baridi kali na vitabu vya watoto vya lugha ambayo hakuna aliyeijua kambini. Zilikuwa kompyuta za nyumbani za Wazungu, za enzi za wazazi wao: kibodi nene, na mashine yote imo humo ndani ya kibodi, haina skrini yake. Unaichomeka kwenye televisheni, na kazi yako unaihifadhi kwenye kaseti, ile ile ya muziki. Ofisi ya kambi ilitaka kuzitupa. Mwalimu Deo, Mrundi mwembamba aliyekuwa akitengeneza redio Bujumbura kabla ya vita, aliziomba, akazipanga sakafuni, akazifungua moja moja kwa kisu cha mezani kilichonolewa ncha. Kati ya tisa zilifufuka mbili. Moja ilikuwa nyeusi, nzuri, herufi zake bado zinasomeka. Nyingine ilikuwa ya rangi ya mkate uliokaa juani, na kitufe cha herufi A kilikuwa hakipo, unabonyeza kwa kijiti. Juu ya mlango Mwalimu aliandika kwa chaki: SHULE YA UMEME NA HESABU. Wanafunzi tulikuwa wengi wiki ya kwanza. Walipoona kwamba hakuna sinema, tukabaki wawili, mimi na Prosper.

Niwaelezeni jambo moja la kiufundi, halafu sitawasumbua tena. Ndani ya kila kompyuta kuna kipande kidogo cha kristali kinachotetemeka kikipewa umeme, na kila mtetemo ni pigo. Ile chip inayofanya kazi yenyewe, inayoitwa prosesa, hainyanyui mguu bila pigo hilo. Mapigo milioni moja kwa sekunde ndiyo megahezi moja. Ile nyeusi ilikuwa ya megahezi nne. Ile ya rangi ya mkate ilikuwa ya megahezi moja. Hata mtu asiyejua chochote, ukimwambia nne na moja, atachagua nne, na mimi pia ningechagua nne.

Siku ya kugawana mashine nilifika mapema, nikasimama nje chini ya dirisha la gunia nikikung'uta matope miguuni. Ndani Mwalimu alikuwa anaongea na Prosper, ambaye alikuwa Mrundi mwenzake, kijana mrefu wa sauti nzuri, mhudumu wa misa. Nikasikia wazi kabisa: “Prosper, wewe chukua hii ya nne. Yule Mkongomani mpe ile ya moja.” Hapo hapo mvua ya Nakivale, ile isiyobisha hodi, ikaanza kupiga mabati, na maneno yaliyofuata sikuyasikia. Sikuyahitaji. Nilijiambia, haya, ndivyo ilivyo, Mrundi kampa Mrundi mwenzake, na mimi msichana wa Kikongomani nimepewa makombo. Niliingia nikiwa nimelowa, nikaketi mbele ya ile mashine ya rangi ya mkate, wala sikumwangalia mtu usoni. Hasira ile ilinikaa kifuani mwaka mzima, na ninasema kweli, ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi.

Tena jambo lilikuwa kubwa, si la mchezo. Mbarara kulikuwa na fundi mkubwa, Bwana Tumwine, Mnyankore wa tumbo na maneno machache, mwenye karakana ya redio na kompyuta. Alikuwa amemwahidi Mwalimu kwamba mwisho wa mwaka angekuja mwenyewe kupima wanafunzi, na atakayemridhisha angemchukua kwa miaka miwili, afundishwe kazi, apewe mahali pa kulala. Nafasi ilikuwa moja tu. Sisi tulikuwa wawili. Upande wa pili wa nafasi ile kulikuwa na jembe, na foleni ya mahindi ya mgao, na wasichana wa rika langu waliokuwa tayari na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Sikuwadharau hao, walikuwa rafiki zangu. Lakini mimi nilitaka kwenda Mbarara hata kama ni kwa kutambaa.

Mchana tulikula kwa Mama Odette, mke wa Mwalimu, ambaye jiko lake lilikuwa linashikana na darasa. Maharage yake yalikuwa na mawese kidogo, na kitunguu kilichokatwa kikubwa, na ugali wa mahindi ya mgao alioupika mgumu kama ninavyoupenda. Hadi leo, nikila hotelini hapa Mbarara, matoke na mchuzi wa karanga na vyote hivyo, bado nayatamani maharage yale. Jikoni ndiko nilikosikia watu wanavyonisema, maana wanawake waliokwenda bombani walipita nyuma ya ukuta wa miti na hawakujua kwamba nimo ndani. “Ule Faida, anashinda mu televizio yenye haina hata picha,” alisema mmoja. “Nani atamuowa?” Mwingine akajibu, “Ataolewa na ile rimoti!” Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Mama Odette akanitazama akiogopa nitalia. Mimi nikaongeza maharage.

Mwezi wa tano nilifanya kosa. Wakati ule nilikuwa nimeshajua kuandika amri za mashine, zile namba tupu ambazo prosesa inazielewa bila mkalimani, nilizozisoma kwenye kitabu cha Kiingereza chenye jalada lililoliwa na panya. Kila nilichoandika, Prosper aliandika pia, na cha kwake kilikuwa mbele. Alikuwa akichora nyota zikitembea kwenye televisheni, nyingi, haraka, watoto wanashangilia mlangoni. Nyota zangu zilijikokota. Prosper hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akishinda. Siku moja nikasema, kama tatizo ni pigo, nitabadilisha pigo. Kwenye zile mashine saba zilizokufa nilitafuta kristali iliyoandikwa nne, nikaing'oa, nikayeyusha risasi ya kuunganishia, nikaiweka kwenye mashine yangu mahali pa ile ya zamani. Mwalimu alikuwa ameenda mjini Kaberebere kutafuta waya. Niliwasha. Televisheni ikatoa mistari iliyoteleza kama maji kwenye kioo, ikalia, kisha ikawa nyeusi. Nikazima, nikawasha. Kimya. Niliketi sakafuni nikatetemeka kuliko kristali yenyewe.

Mwalimu aliporudi hakupaza sauti. Alikuwa na desturi moja, akikasirika anavua miwani na kuifuta kwa pindo la shati mpaka hasira ipungue. Siku ile aliifuta muda mrefu sana. “Yoo, Faida,” akasema mwishowe. “Alors, umeiambia mashine ikimbie. Umeiuliza kama ina miguu?” Nikajibu kwa ukali, maana nilikuwa naogopa: “Mwalimu, miye minataka iende mbio sawa ile ya Prosper. Juu ya nini yeye anapata ya ine na miye ya moya?” Hakunijibu swali hilo. Alinionyesha kwamba pigo lile lile linaloiendesha prosesa ndilo linalochora picha kwenye televisheni, na ndilo linaloziambia chip za kumbukumbu wakati wa kutoa vitu vyao. Nikilibadilisha, picha inapotea, na kumbukumbu inashindwa kupakua. “Ni kama kumwambia Mama Odette apakue ugali kabla maji hayajachemka,” alisema. “Hata ukipiga sufuria kwa mwiko, hauivi.” Akanipa chuma cha kuchomea, akaniambia niirudishe kristali ya zamani mwenyewe, na kisha nihesabu. Nihesabu nini? “Hesabu,” akasema tu, akaenda kula. Mashine ikawaka tena. Nilimshukuru Mungu, Mwalimu sikumshukuru.

Nilianza kuhesabu nikiwa sijui ninachotafuta. Nyuma ya kile kitabu kulikuwa na jedwali refu: kila amri, na mbele yake namba. Nilikuwa nimeruka jedwali lile miezi mitano, nikidhani ni namba za kurasa. Kumbe ni mapigo, yaani amri hii inakula mapigo mawili, ile matatu, ile sita. Kwenye kitabu cha mashine ya Prosper pia lilikuwepo, lakini namba zake zilikuwa kubwa: nne, saba, kumi na moja, nyingine kumi na tisa. Niliziona, sikuelewa. Ilibidi niende kanisani ndipo nielewe. Mimi nilikuwa mwandishi wa nota katika kwaya yetu, zile do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi, nukta mbili kutenganisha mapigo, kistari kwa sauti inayovutwa. Tuliziandika kwa rangi ya viatu kwenye magunia ya mgao yaliyopasuliwa, tukayatundika mbele ya kwaya ili hata aliye nyuma aone. Jumapili moja wakaja wageni, kwaya kutoka kambi ya Oruchinga. Kiongozi wao alipunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki, mbio mbio. Nikasema moyoni, hawa watamaliza wimbo kabla hatujakaa. Wapi! Kila silabi waliivuta mapigo manne, manne mengine, tukangoja aleluya ifike mwisho mpaka mtoto mmoja akasinzia. Kisha tukaimba sisi wimbo ule ule. Kiongozi wetu alikuwa mtulivu, mkono unashuka taratibu, lakini kila pigo lilikuwa na silabi yake, hakuna lililopita bure. Tulimaliza kabla yao. Nilisimama katikati ya sauti ya pili nikaacha kuimba. Mwenzangu akanifinya. “Faida, uko mugonjwa?” Nikamwambia, “Hapana. Minapona.”

Jumatatu nilikwenda darasani na gunia. Nilipasua, nikatandika sakafuni, nikaanza kuandika programu zangu kama nota za kwaya: amri, nukta mbili, kistari, kistari. Hapo ndipo nilipoiona mashine yangu kwa mara ya kwanza. Ile ya Prosper ilikuwa na mabakuli mengi ya kuwekea vitu ndani ya prosesa, ni jiko la tajiri, lakini amri zake nyingi zilivutwa. Yangu ilikuwa na mabakuli matatu tu, mawili madogo. Lakini walioitengeneza walikuwa wameiwekea rafu karibu na mkono, ukurasa wa kwanza kabisa wa kumbukumbu, ambapo kuchukua kitu kulikula mapigo matatu tu. Ukijua kupanga vitu vyako kwenye rafu ile, huhitaji mabakuli. Na mimi kupanga vitu vingi mahali padogo nilikuwa nimefundishwa na kambi. Nilipanga. Nikaandika, nikaimba kimya kimya, nikafuta, nikaondoa pigo hapa, mawili pale. Prosper alikuwa akipita juu ya magunia yangu akicheka, “Dada Faida, unaandaa misa?” Nikamwambia, “Ndiyo, ya kukuzika.” Alicheka sana, na mimi nikacheka, maana hata hasira inachoka.

Jaribio lenyewe Mwalimu na Bwana Tumwine walikubaliana liwe kazi ya kweli. Siku za mgao karani alikuwa akisoma majina ya familia jinsi yalivyoandikwa, ovyo ovyo, na mtu aliweza kusimama juani tangu asubuhi akingoja jina ambalo liko ukurasa wa mwisho, na ukienda msalani ukirudi limepita, rudi mwanzo. Mimi na Prosper tulipewa majina yale yale ya Kashojwa, tuliyoyaingiza kila asubuhi na kuyaweka kwenye kaseti. Kila mmoja aandike programu yake ya kuyapanga kwa herufi. Siku ya kupima, mashine zote mbili zianze pamoja. Sikujua kama ningeshinda. Nilijua hesabu yangu ilikuwa sawa, lakini hesabu kwenye gunia ni kitu kimoja, na mashine isiyo na kitufe cha A ni kitu kingine.

Bwana Tumwine alifika kwa pikapu kabla ya saa sita, akanywa chai, akaingia. Chumba kilikuwa kimejaa, hata wale wanawake wa bombani walikuwepo, na yule wa rimoti alikuwa mbele kabisa. Alizitazama mashine, akamwuliza Mwalimu zina mwendo gani. Mwalimu akamwambia. Akaniangalia kwa huruma. “Nyabo, hii yako ni moja tu?” Nikasema ndiyo. “Banange. Na bado wewe nataka kushindana?” Watu wakacheka. Tuliingiza kaseti, zikalia ile sauti yao ya nyigu kwa dakika nyingi, mpaka majina yote yakaingia. Akatazama saa ya mkononi, akasema, “Kale. Anza.” Tukabonyeza.

Hakuna cha kuona wakati kompyuta inafikiri. Televisheni mbili, zote tupu, kamstari kadogo kanawaka na kuzimika. Prosper alianza mluzi wake. Mama Odette alisimama mlangoni na mwiko mkononi, nyuma yake maharage yakinukia kuungua na hakuna aliyemwambia. Mimi niligonga paja kwa kidole, nikiimba kimoyomoyo mzunguko wangu wa ndani, zile amri zinazorudiwa kwa kila jozi ya majina, nota kwa nota, ingawa mashine ilikuwa inauimba mara nyingi mno kuliko ulimi wa mtu unavyoweza. Kisha televisheni yangu ikajaa. Amani, Asha, Baraka, Bahati... Hapana, Bahati juu ya Baraka, ndivyo ilivyokuwa, sawa sawa, mpaka Zawadi. Mluzi wa Prosper ukakatika. Yake ilikuwa bado tupu. Ilikaa tupu muda wa mtu kukohoa, kugeuka, na kumwuliza jirani kuna nini. Ndipo ikajaa na yenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nilisikia sauti ya yule wa rimoti kuliko ya wote.

Lakini Bwana Tumwine hakushangilia. Alikunja uso. “Hapana,” akasema. “Moja haiwezi kushinda nne. Wewe naficha kitu. Labda wewe naweka majina ilishapangwa kwa kaseti.” Nikaona Mbarara inaondoka mbele ya macho yangu. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameshavua miwani, anaifuta, wala hakufungua mdomo kunitetea. Basi nikajua niko peke yangu. Nikachukua gunia langu, nikalitundika kwenye misumari ya ubao. Nikamwambia, “Muzee, sikiliza.” Nikaanza kuimba. Ndiyo, niliimba! Niliimba amri zangu kwa do na mi, nikigonga meza kila pigo, mzunguko mmoja mzima wa kulinganisha majina mawili. Wakaanza kucheka, halafu wakaacha, maana wanakwaya walioko nyuma walishaelewa na walikuwa wanagonga pamoja nami. Kisha nikaomba karatasi ya Prosper. Alinipa. Nikaisoma pale pale, nikaweka kidole kwenye amri moja, nikaiimba: sauti moja, nikaivuta mapigo kumi na tisa. Watu walihesabu kwa vidole wakaishiwa. “Hii iko ndani ya mzunguko mara tatu,” nikasema. “Pigo lake ni fupi mara nne, ni kweli. Lakini kumi na tisa ukigawa kwa nne ni karibu tano. Kazi hiyo hiyo miye ninaifanya kwa tatu. Mashine yake inapunga mikono mbio. Yangu inaimba.” Bwana Tumwine alikuja mbele ya gunia, akagonga meza kwa kidole kinene, akihesabu mwenyewe tangu mwanzo, midomo ikitembea. Akarudia. Kisha akamgeukia Mwalimu. “Mtu ile nakuwa na mashine mzuri, mimi napata kila siku. Mtu ile najua kwa nini, hapana. Mimi nachukua huyu.”

Nimeshinda vitu vingine tangu siku ile, na vingine vilikuwa vikubwa. Hakuna kilichofikia hapo. Ningali naliona lile gunia, lenye maandishi ya mgao upande mmoja na nota zangu upande wa pili, na uso wa Prosper, ambaye hakukasirika bali aliendelea kuitazama karatasi yake kama barua kutoka nyumbani. Lakini kuna jambo la siku iliyofuata ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Asubuhi, mfuko wangu ukiwa kwenye pikapu, Mama Odette alinifungia ndizi na maharage kwenye jani, na Mwalimu akaja kuniaga. Nikamwambia, “Mwalimu, ujue hivi. Sikushinda juu yako. Nilishinda hata na ile ulinipa.” Nilitaka imuume. Aliifuta miwani kidogo, akasema, “Ego, binti yangu. Si kwa ajili yangu. Ni kweli kabisa.” Tukaondoka kupitia Kaberebere, nami sikugeuka nyuma. Kwa miaka yote iliyofuata nilimtumia salamu za Krismasi, kavu, za adabu. Nilipita kambini mara kwa mara, nikala kwa Mama Odette, nikaongea naye Mwalimu habari za mvua.

Sasa nimefika kwenye benchi la Kashojwa. Prosper amenenepa, ana duka la kutengeneza simu Base Camp, na bado ana sauti ile nzuri, ndiye aliyeongoza nyimbo za mazishi. Alikula maharage yake nusu, akaweka sahani chini. “Faida, unakumbuka siku ya kugawana mashine? Ulikuwa nje, dirishani. Nilikusikia ukikung'uta matope.” Nikamwambia nakumbuka, na kwamba nilisikia kila kitu. “Hukusikia kila kitu,” akasema. “Mvua ilianza.” Akatazama kaburi, udongo ulikuwa bado mbichi. “Alisema, yule Mkongomani mpe ile ya moja. Mimi nikamwuliza kwa nini. Akasema, yule ukimpa ya nne, atalala. Wewe nikikupa ya moja, utakata tamaa. Yeye ataihesabu mpaka ajue mashine inafikiri vipi, na siku hiyo hakuna atakayemfikia.” Nikamwuliza kwa nini yeye mwenyewe hakuniambia miaka yote hii. Akacheka kidogo, bila furaha. “Ningekuambia vipi? Sentensi ile ilikuwa na mimi ndani yake.”

Nililia, kwa nini nifiche? Nililia kwa furaha kwanza, maana ni jambo kubwa mtu kukuona hivyo ukiwa na miaka kumi na tisa na miguu ya matope. Halafu nililia kwa hasira. Mzee yule aliniona, akaniamini kuliko nilivyojiamini, akaniacha nimchukie, akala chumvi na mimi miaka yote, na hakusema! Angesema tu. Ningehesabu vile vile, namfahamu Faida, ningehesabu hata zaidi. Au labda nisingehesabu, labda ningelala kama alivyosema. Sitajua kamwe, na aliyeweza kunijibu tumeshamfunika udongo. Prosper alinishika bega, nami nikamwambia yeye hakukata tamaa hata hivyo, tazama duka lake. Akasema, “Hilo nalo nilitaka nilisikie kwake, Mwalimu.” Tukamaliza maharage. Mama Odette, mzee sana sasa, ndiye aliyekuwa ameyapika.

Jumatatu nilirudi karakanani. Nilikuwa na wanafunzi wapya wawili na kompyuta mbili za kujifunzia, moja mpya, nyingine kuukuu inayochukua muda wa kunywa chai mpaka iwake. Nilikuwa nimeshaamua tangu kabla ya mazishi nani atapewa ipi. Mpya nikampa kijana. Kuukuu nikaiweka mbele ya Kemigisha, binti wa Isingiro, mwenye ulimi mkali na macho yasiyoacha kitu bila kukigeuza chini juu. Aliitazama ile mashine, akanitazama mimi, na macho yale niliyafahamu, kwa sababu niliyavaa mwaka mzima. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikangoja mpaka ikapita yote. Kisha nikamwambia kwa nini, mpaka neno la mwisho.